Amana ya Marehemu: Juu ya Kuihifadhi Nyumba Ndogo ya Makumbusho Baada ya Kufa Mwanzilishi Wake

 

 Mtu mwema akifariki huacha maswali mawili nyumbani mwake. La kwanza ni la mirathi, na hilo sheria ya dini imekwisha kulipambanua: kila mwenye haki hupewa fungu lake. La pili ni la kazi aliyoianza: ni nani atakayeiendeleza? Akiwa ameacha shamba, wanawe watalilima. Akiwa ameacha duka, watalifungua asubuhi kama alivyokuwa akilifungua yeye. Lakini akiwa ameacha chumba kilichojaa ngoma kuukuu, barua zilizofifia, picha za watu waliokwisha kufa, na vyombo vya bibi zake, warithi husimama mlangoni wakatazamana. Shamba lina mavuno na duka lina faida. Chumba kile, machoni pao, kina vumbi tu.

Maneno haya yanahusu chumba kile. Nyumba ya makumbusho si lazima iwe jumba kubwa la serikali. Ziko nyingi ndogo duniani, na kila moja imejihusisha na jambo moja: ngoma, au mavazi, au vitabu, au zana za wahunzi. Nyingi katika hizo zilianzishwa na mtu mmoja, kwa mapenzi yake na kwa mfuko wake. Nguvu ya nyumba hizo na udhaifu wake hutoka mahali pamoja, nako ni huko kutegemea mtu mmoja. Anapokuwa hai, yeye ndiye bawabu, karani, fundi na msimulizi. Anapokufa, mlango hufungwa, na aghalabu yale aliyoyajua juu ya kila chombo huzikwa pamoja naye.

Waislamu wa West Nile wana sababu ya kulifikiri jambo hili kuliko watu wengi. Katika karne ya 19, nchi hii ya kando ya Nili ilikuwa sehemu ya jimbo la Ikweta lililotawaliwa kwa niaba ya Misri. Liwali wake tangu mwaka 1878 alikuwa yule aliyejiita kwa jina la Kiislamu Mehemet Emin, aliyejulikana kwa cheo cha Emin Pasha. Vita vya Mahdi vilipoifunga njia ya Khartoum, Emin alihamia Wadelai mwaka 1885. Mwaka 1889 akaondoka na Stanley kwenda pwani, na askari wengi wakabaki nyuma pamoja na Salim Bey, hata mwaka 1891 Lugard akawachukua huko Kavalli, karibu na Ziwa Albert. Katika wale askari, na wake zao, na watu wao, ndimo ilimotoka jamaa kubwa ya Wanubi ambao leo wako Arua, Koboko, Bombo, Kibera na miji mingine mingi ya Afrika Mashariki.

Sasa na itazamwe ajabu hii. Emin alikuwa mkusanyaji hodari. Alikusanya ndege, wanyama na mimea ya nchi hii, akaipeleka kwa wataalamu wa Ulaya, na mingine imehifadhiwa katika majumba ya makumbusho ya huko mpaka leo. Ndege aliyekamatwa kando ya Nili zaidi ya miaka 130 iliyopita ana kadi yake huko Ulaya, yenye jina lake, mahali alipopatikana, na tarehe. Lakini askari aliyeilinda ngome ya Dufile, ambaye wajukuu wake wanaswali Ijumaa hapa Arua, mara nyingi hana hata karatasi moja yenye jina lake. Wataalamu walipochimba Dufile mwaka 2006 na 2007 walitafuta ardhini habari ambazo, lau zingaliandikwa na kutunzwa, zingalisomwa mezani.

Tena kuna jeraha jingine lililo karibu zaidi, ambalo wazee waliomo katika mikutano ya jamaa wanalikumbuka wenyewe. Serikali ya Idi Amin, ambaye kwa nasaba alikuwa mtu wa Koboko, iliangushwa mwaka 1979. Mwaka 1980 vita na kisasi vikaingia Arua na Koboko. Watu maelfu kwa maelfu walivuka mpaka wakakimbilia Sudan na Kongo, iliyoitwa Zaire wakati ule. Mkimbizi hubeba mtoto, na chungu, na unga kidogo. Habebi sanduku la picha za babu yake. Waliporudi baada ya miaka, wengi walikuta majivu na magugu mahali pa nyumba. Hati za ndoa, barua, vitabu vya chuo vilivyoandikwa kwa mkono, nguo za arusi, panga na nishani za wazee waliopigana katika vita vikuu, vyote vilikwenda pamoja na mapaa ya nyasi.

Basi kila kilichosalia kina thamani maradufu, kwa kuwa kilisalia. Mwenye kukikusanya akakitia kabatini amefanya kazi ya jamaa nzima, ijapokuwa jamaa haikumtuma. Na hapo ndipo linapokuja swali la kumsaidia, na la kuisaidia kazi yake atakapokuwa hayupo tena.

Mfano mmoja unaofaa kuzingatiwa uko Tanzania, mahali paitwapo Bujora, kiasi cha kilomita 20 kutoka mji wa Mwanza, karibu na Kisesa. Hapo pana nyumba ya makumbusho ya Wasukuma, na sifa yake kubwa ni ngoma. Mwanzilishi wake hakuwa Msukuma, wala hakuwa Mwislamu. Alikuwa padre kutoka Kanada, jina lake David Clement, na Wasukuma wakamwita Fumbuka. Alikaa na wazee, akajifunza lugha yao, akasikiliza, akakusanya. Mwaka 1963 utawala wa kitemi ulipofutwa katika Tanganyika, ngoma za watemi na viti vyao vya enzi vilibaki kama yatima. Havikuwa tena na kazi katika barza. Vingi vingeliwa na mchwa, au vingeuzwa kwa wageni kwa bei ya chakula cha siku moja. Bujora ilivipa makao. Nyumba ya makumbusho ilifunguliwa mwaka 1968, na jengo moja lililowekewa mambo ya watemi lilijengwa kwa umbo la kiti cha enzi, hata mtoto asiyejua kusoma akifika huelewa ni mahali pa nini.

Padre yule alifariki mwaka 1986. Wengi wangelitazamia kwamba nyumba ile ingefungwa mwaka uliofuata. Haikufungwa, wageni na wanafunzi wameendelea kuizuru. Sababu zake ni mbili, na zote mbili zinafaa kwa kila jamaa. Ya kwanza, nyumba ile ilikuwa chini ya mlezi asiyekufa. Padre alikufa, lakini parokia haikufa; ulikuwapo mkono wa kupokea ufunguo. Ya pili, watu wenyewe walikuwa na kazi pale. Kila mwaka, mwezi wa Juni, kuna sikukuu ya Bulabo, na vyama viwili vya wacheza ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana mbele ya umati mkubwa. Kwa hiyo mahali pale hapakuwa kaburi la vitu. Ngoma iliyomo kabatini ilikuwa na ndugu yake uwanjani, ikipigwa.

Hekima haina kabila. Mwislamu akiiona katika mikono ya mtu wa dini nyingine, haimpunguzii kitu kuichukua na kuitumia.

Mfano wa pili uko Kenya, na huo una majonzi. Joseph Murumbi alikuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, mwaka 1966, naye hakukaa katika cheo hicho hata mwaka. Alipenda vitabu na sanaa ya Afrika kupita siasa. Alikusanya maelfu ya vitabu, na katika hivyo zaidi ya 8,000 vilichapwa kabla ya mwaka 1900. Akakusanya na barua, nguo, vito, stempu na michongo. Katika miaka ya 1970 aliviuza kwa serikali pamoja na nyumba yake ya Muthaiga, Nairobi, kwa kusudi kwamba nyumba ile iwe chuo cha kuchunguzia mambo ya Afrika. Kusudi lile halikutimia. Nyumba iliachwa ikachakaa, na mwisho wake ikabomolewa. Mwenyewe akafariki mwezi wa Juni mwaka 1990.

Vitabu vyake vilinusurika, kwa kuwa viliwekwa katika Nyaraka za Taifa za Kenya, katikati ya jiji la Nairobi. Na miaka mingi baada ya kufa kwake, rafiki na wapenzi wake walisimama wakapata mahali pa kuonyeshea mali yake kwa jina lake. Mwenye kwenda Nairobi leo anaweza kuiona. Lakini ile nyumba aliyoikusudia, na miti yake, haipo. Murumbi alikuwa mtu mkubwa, mwenye cheo, mwenye rafiki katika kila nchi. Ikiwa la mtu kama huyo liliweza kupotea kwa kuwa makubaliano hayakulindwa, je, la mzee wa Koboko mwenye sanduku moja chini ya kitanda litasalimika kwa nini?

Mifano hii miwili ikilinganishwa, huonekana kwamba haikutofautishwa na fedha. Padre hakuwa tajiri kuliko Makamu wa Rais. Tofauti ilikuwa katika kulindwa kwa ahadi: huku kulikuwa na jamaa iliyojiona kuwa ni mwenye dhamana, na kule dhamana ilikabidhiwa ofisi, na maofisa hubadilika.

Na jambo hili Waislamu hawakufundishwa na mtu wa nje. Umar bin Khattab, radhi za Mungu zimshukie, alipopata ardhi yake ya Khaibar, iliyokuwa mali bora kuliko zote alizopata kumiliki, alimwendea Mtume kutaka shauri. Akashauriwa aishike asili yake na kuyatoa sadaka mazao yake. Basi ardhi ile haikuuzwa, haikutolewa zawadi, wala haikurithiwa. Huo ndio wakfu. Kwa njia hiyo miskiti, visima, vyuo na maktaba za Kiislamu vimeishi mamia ya miaka baada ya waliovitoa kuwa mchanga. Na kila mwanafunzi wa chuo anajua kwamba mwanadamu akifa amali yake hukatika ila kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema wa kumwombea. Nyumba ya makumbusho iliyowekwa wakfu kwa njia ya halali inaweza kuyakusanya yote matatu chini ya paa moja. Ni sadaka, kwa kuwa haiuzwi. Ni elimu, kwa kuwa hufundisha. Na mtoto anayesoma jina la mwanzilishi mlangoni huenda akamwombea rehema, ingawa si wa damu yake.

Wako watakaosema kwamba vitu vya kale huelekea kuabudiwa. Hofu hiyo si ya leo. Nyumba ya makumbusho ya Uganda, iliyofunguliwa mwaka 1908, ilikaa kwanza katika ngome ya Lugard juu ya kilima cha Kampala ya Kale, na Waganda wakaiita Enyumba ya Mayembe, yaani nyumba ya mizimu, kwa sababu ya hirizi na pembe zilizowekwa humo. Watu wakaiogopa. Hofu ile iliondoka kidogo kidogo kwa maelezo. Baadaye, nyumba ile ilipokuwa chini ya Klaus Wachsmann, aliyeisimamia tangu mwaka 1948 hadi mwaka 1957, zilikusanywa zana za muziki za makabila ya Uganda, na wapigaji wakaalikwa wazipige na kuzieleza mbele ya wageni. Mwaka 1954 nyumba ikahamia Kitante, ilipo mpaka sasa. Na juu ya kilima kile cha Kampala ya Kale leo umesimama Msikiti wa Taifa. Kitu kinachowekwa ili kifahamike, kikaandikwa jina lake na kazi yake, si sanamu. Kinachopumbaza watu ni kitu kisichoelezwa.

Wengine watasema: msikiti unavuja, na shule haina madawati, hizo ndizo haja za kwanza. Hilo ni kweli, wala hapana mwenye akili atakayetaka bati la msikiti liondolewe likaezekee makumbusho. Lakini nyumba ndogo ya namna hii haitaki mali nyingi. Inataka mali kidogo isiyokatika. Haba na haba hujaza kibaba. Harambee moja kubwa, yenye hotuba na picha, ikifuatwa na miaka kumi ya kusahau, haina manufaa kama shilingi chache za kila mwezi kutoka kwa kila jamaa, zinazoandikwa na kusomwa mbele ya watu.

Je, ni msaada gani basi unaotakiwa? Kwanza ni hati. Mwanzilishi angali hai, na aseme mbele ya mashahidi, na iandikwe, ni vitu gani ni wakfu, ni vipi ni mali yake ya nyumbani watakayorithi wanawe, na ni vipi ameazimwa na watu. Jambo hili likiachwa mpaka siku ya matanga, huzaa ugomvi, na warithi hawana lawama. Nao wana haki yao kwa Mungu.

Pili ni daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila chombo kipewe namba, na mbele ya namba paandikwe jina lake kwa Kinubi, au Kikakwa, au Kilugbara, na kwa Kiswahili. Kimetengenezwa na nani, wapi, lini. Na nani aliyekileta. Sinia za kufuma za kina mama wa Kinubi, zinazoitwa tabaga, zinajulikana kwa rangi zake mahali pengi. Lakini sinia bila jina la mama aliyeifuma ni pambo tu. Ikiwa na jina lake, na jina la arusi iliyofumiwa, ni tarikh. Daftari lifanywe nakala mbili, na nakala moja ikae mahali pengine, kwani watu wa West Nile wanajua zaidi ya wengine jinsi moto usivyochagua.

Tatu ni paa, na mchwa, na unyevu. Katika nchi hii karatasi ina adui watatu hao kuliko mwizi. Sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali, picha zisizobandikwa ukutani panapopita maji ya mvua, na mtu mmoja anayefungua madirisha siku za jua: hayo yameokoa vitu vingi kuliko makabati ya kioo ya bei kubwa.

Nne ni watu. Wazee na wahojiwe sasa, sauti zao zikahifadhiwa kwa vyombo vya kunasia sauti ambavyo siku hizi kila kijana anavyo mfukoni. Walimu walete watoto. Kina mama waliokalia kufuma waje siku maalumu wafume pale pale, na wacheza doluka wacheze uwanjani, ili nyumba isinuke upweke. Bujora imeonyesha kwamba kitu kilichomo kabatini huishi kwa ajili ya ndugu yake anayetumika nje.

Tano ni mlezi asiyekufa. Mtu mmoja akipokea ufunguo kutoka kwa marehemu, naye atakufa. Ufunguo na ukabidhiwe jumuiya, yenye wadhamini kutoka Arua na Koboko pamoja, wanaume na wanawake, na daftari lao likaguliwe kila mwaka. Isiwe mali ya ukoo mmoja wala ya kabila moja, kwa maana historia ya Uislamu katika nchi hii ni ya Wanubi, na Wakakwa, na Walugbara, na Waaringa, na wengineo, na kila mmoja ana kitu chake cha kuleta.

Katika kumkumbuka mwanzilishi, desturi ya watu ni kusoma hitima, kupika, kula na kumsifu. Hayo ni mema, na thawabu zake ziko kwa Mungu. Lakini sifa za siku moja hazizibi tundu la paa. Amheshimuye marehemu kweli ni yule anayekwenda kesho yake, watu wakiwa wamekwisha kutawanyika, akafungua mlango, akafagia, akalitazama daftari, akaona namba ya mwisho aliyoiandika marehemu kwa mkono wake, kisha akaandika inayofuata.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, wale ambao majina yao yameandikwa na wale ambao majina yao yalipotea njiani baina ya mpaka na mpaka. Awajaalie waliobaki kuwa waaminifu wa amana. Amin.